Masahihisho Yaliyochelewa Miaka Saba

Habari ilinifikia Jumanne asubuhi nikiwa Westlands, nimesimama kungoja lifti katika jengo moja la maofisi. Simu ikatetemeka mfukoni. Ulikuwa ujumbe kutoka kikundi cha kamati ya shule moja ya wanafunzi wenye ulemavu wa akili, kamati ambayo nimekuwa mwanachama wake kwa miaka tisa, nao ulisema hivi: “Kwa huzuni tunawajulisha kwamba mtoto wetu mpendwa ametuacha alfajiri ya leo. Malaika amerudi nyumbani.” Chini yake zilikwisha kupangana zile picha za mikono iliyounganishwa na nyuso zinazotoa machozi. Nikaanza kuwapitia akilini wale wadogo wa darasa la kwanza, mmoja mmoja, nikiogopa kufika kwa yupi. Kisha picha ikafunguka. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, amevaa aproni, mvi zimeanza kumwingia karibu na masikio, unga umemganda hadi viwikoni. Lifti ikaja, ikafunguka, ikafungwa, ikaondoka na wenzangu, mimi nikabaki pale nimesimama na simu mkononi.

Wasomaji wangu wa Jumamosi watanisamehe. Nilikuwa nimeahidi kuzungumzia mabarabara yetu, lakini mabarabara yatangoja, yamezoea. Leo nataka kuzungumzia neno moja katika ujumbe ule, neno “mtoto”, kwa sababu najua lilikotoka. Halikutoka kwa mwalimu mkuu aliyeuandika. Lilitoka hapa, kwenye ukurasa huu, chini ya picha yangu hii ninayotabasamu kama mtu asiye na kosa lolote.

Pale shuleni kila mtu alimwita Didi. Kwao Ngara, katika nyumba yao ya Makalasinga, hivyo ndivyo anavyoitwa dada mkubwa, na mdogo wake ambaye siku hizi yuko ng'ambo ndiye aliyeanza kumwita hivyo. Alizaliwa na Down syndrome, hali ambayo mkunga huitambua usoni kabla mama hajapewa hata maji ya kunywa. Alifika shuleni kwetu akiwa na miaka kumi na minne, baada ya shule tatu kumwambia mama yake kwamba nafasi zimejaa. Shule yenyewe iko upande wa Kitisuru, nyuma ya ua mrefu uliokatwa vizuri, kiasi kwamba majirani hawajui kama kuna shule pale, au wanajua na wanafurahi kwamba haionekani. Alikuja na ujuzi mmoja tu: alijua kusukuma chapati. Alijifunza katika jiko la hekalu lao, ambako kila siku watu hukaa pamoja wakikanda na kusukuma, na kila aingiaye hulishwa, awe muumini au mpita njia. Katika jiko lile hakuna aliyemwuliza cheti. Walimpa donge la unga kama walivyowapa wengine, akaharibu la kwanza, wakampa la pili.

Wanafunzi wetu wakimaliza mafunzo ya upishi aghalabu hawana pa kwenda, kwa hiyo wazazi huomba wabaki. Didi alibaki, ila hakubaki kukaa. Alianza kuwafundisha waliokuja baada yake: kufunga aproni, kunawa mpaka kiwikoni, kuwasha jiko la gesi bila kuliinamia, kukubali kwamba chapati ya kwanza huungua na dunia haiishi. Alijua nani anaogopa mlio wa mashine ya kukandia na nani atalia ukimbadilishia sufuria. Hata hivyo kila asubuhi jina lake liliitwa pamoja na majina ya wanafunzi, naye akaitikia “niko”, kisha akaenda jikoni kufundisha. Alikaa katika daftari la wanafunzi miaka ishirini. Saa ya chai walimu waliingia katika chumba chao, yeye akanywa chake barazani amesimama, kwa kuwa chumba kile ni cha walimu.

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kamati aliletwa msichana wa miaka kumi na saba ambaye hakuwa akisema, na ambaye ukimshika mikono alikuuma. Walimu wawili walikuwa na alama za meno yake, na mmoja alikuwa tayari ameomba uhamisho. Kama mjuavyo, ukitaka kuifunza mikono ya mtu kazi, unasimama nyuma yake, unaweka yako juu ya yake, unaiongoza. Ndivyo nilivyofunzwa mimi kuandika, na sikumbuki nikiulizwa kama napenda. Didi alimtazama yule msichana siku kadhaa bila kumgusa. Kisha akaketi mezani karibu naye, akaweka mikono yake mwenyewe kwenye donge, akakanda polepole, akingoja. Kesho yake vivyo hivyo, na keshokutwa. Katika wiki ya tatu yule msichana aliweka viganja vyake juu ya mikono ya Didi, kwa hiari yake, akawa anaendeshwa nayo. Asubuhi moja Didi akaichomoa ya kwake taratibu kutoka chini, na ile ya msichana ikabaki kwenye unga, inaendelea kukanda. Mimi nilikuwa mlangoni na kikombe changu cha chai, mgeni mheshimiwa. Nilimwuliza ni nani aliyemfunza vile.

“Ukimshika juu anaogopa, Anko,” alinijibu bila kuacha kazi. “Weka yako chini. Akichoka atatoa.”

Yule msichana leo ni mwanamke anayefanya kazi katika jiko la mkahawa mmoja Westlands. Huenda umekula chapati zake bila kujua, ukalalamika kwamba bili imechelewa.

Baadaye niliandika makala kuhusu Didi. Wale mlioanza nami zamani huenda mnaikumbuka, maana mliipenda mno. Nilimwita malaika wa unga. Nilisema ni mtoto asiye na hila, mtoto anayetufunza upendo, mtoto anayecheza na unga huku akiponya wenzake. Neno “mtoto” nililitumia mara tano. Nimeitafuta makala ile wiki hii nikahesabu. Barua zenu zilikuja kwa wingi, wapo walioniambia wamelia wakiwa kazini, na mhariri akanipigia simu kunipongeza, jambo ambalo hafanyi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nililitia maji bila haya, nikajiona ndiye niliyemgundua huyu binti, ilhali alikuwa pale siku zote akifanya kazi yake.

Nilipokwenda shuleni tena nilitarajia asante. Didi alinikuta kwenye maegesho, akatoa gazeti lililokunjwa kutoka mfuko wa aproni. Hakuwa msomaji mwepesi, lakini mama yake alikuwa amemsomea makala yote, na lile neno, kila lilipotokea, lilikuwa limezungushiwa wino wa buluu. Aliniuliza kama anayeandikwa pale ni yeye. Nikasema ndiye, nikitabasamu.

“Mimi si mtoto,” akasema. “Niko na miaka ishirini na saba. Na sichezi na unga. Mimi nafundisha. Andika tena.”

Nilicheka. Naomba mnielewe, hakikuwa kicheko cha dharau, kilikuwa kile kicheko cha upole tunachowachekea watu ambao tumekwisha kuamua kwamba hawawezi kutukosoa. Nikamshika bega nikamwambia nitaandika. Akaitikia kwa kichwa, akakunja gazeti, akarudi kazini akiamini jambo limekwisha.

Nilimtajia mhariri, hilo nililifanya. Aliniambia nafasi ya masahihisho ni ya majina ya mawaziri na matokeo ya mpira, na kwamba kumwita mtu mtoto kwa mapenzi hakujamwumiza yeyote. Ningeweza kubisha. Nafasi hii tunamokutana ninyi na mimi ni yangu kila wiki, ningeweza kuandika mistari mitatu mwishoni mwa makala yoyote, hata ya bei ya unga, tena ingefaa. Sikuandika. Niliona aibu kuharibu makala iliyopendwa. Kila nilipokwenda shuleni Didi alinijia na swali lilelile, “Umeandika?”, nami nikajibu bado, naye akarudi kwenye donge lake pasipo kununa. Hivyo kwa karibu mwaka mzima. Kisha akaacha kuniuliza, nami nikashusha pumzi na kusema moyoni kwamba amesahau. Wenye hali yake, nilijiambia, husahau upesi. Hata hilo nililibuni kwa faida yangu.

Kuna mengine ya kamati ambayo lazima niyaseme, maana sikuwa peke yangu. Mwalimu mkuu, ambaye si mtu mbaya, alituletea ombi kwamba Didi atambuliwe kuwa msaidizi wa mwalimu na apewe kiti katika chumba cha walimu. Hakikuwa kitu kikubwa zaidi ya hicho. Mwenyekiti akauliza ni wapi imeandikwa kwamba mwanafunzi anaweza kumfundisha mwanafunzi. Mwingine akauliza cheti chake kiko wapi. Mzazi mmoja, mwanamke mwenye huruma nyingi, alisema tukimpa cheo tutamchanganya, maana furaha yake ni ule utoto wake, na akanitaja mimi kwa heshima, kwamba hata kwenye gazeti tulisoma. Wote wakanigeukia. Pale ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema kwamba nilikosea na kwamba mwenyewe ameniambia nimekosea. Nilisema labda tulisogeze mbele hadi kikao kijacho. Lilisogezwa, na katika vikao vyote vilivyofuata hakuna aliyelirudia, mimi nikiwa wa kwanza kutolirudia.

Miezi michache baadaye tulialikwa kwenye semina katika hoteli moja ya Westlands, walimu wote na kamati nzima. Mtaalamu alikuja kutoka mbali kutufunza mbinu mpya. Didi naye aliletwa, amevaa nguo nzuri ya rangi ya samawati, ili ampe mgeni maua. Baada ya maua akaonyeshwa kiti cha nyuma. Mgeni alieleza kwa saa nzima, kwa picha za ukutani, kwamba mwanafunzi mwenye hofu ya kuguswa asishikwe mikono kwa juu. Mwalimu atangulize mikono yake, mwanafunzi aweke ya kwake juu, na aiondoe akitaka. Walimu wakaandika kwenye madaftari. Wengine wakatazamana kwa mshangao wa watu wanaosikia jambo kwa mara ya kwanza, nao walikuwa wameliona jikoni kwao kila siku kwa miaka. Nilikuwa nimekaa mbele ya Didi. Aliinama, akaniambia sikioni, kwa furaha isiyo na chembe ya kinyongo, “Anko, huyu naye anajua.”

Mwisho wa siku sote tulipewa vyeti vya kuhudhuria. Mimi ninacho, kiko ukutani ofisini, kinasema nimehitimu mafunzo ya mbinu ambayo sijawahi kuitumia kwa binadamu yeyote. Didi hakupewa, kwa kuwa jina lake halikuwa kwenye orodha ya waalikwa. Alikuwa ameletwa kwa ajili ya maua. Nakiri kwamba sikuliona hilo siku ile. Nilikuwa nikila sambusa.

Nimelifikiria neno lile wiki nzima, na nimefika mahali ambapo silipendi hata kidogo. Tunapenda kusema kwamba tunawaita watoto kwa sababu tunawapenda. Mimi nadhani tunawaita hivyo kwa kuwa inatufaa. Mtoto hatumpi kiti kwenye mkutano, na akinyimwa hatujioni tumemdhulumu. Mtoto akisema umekosea, unacheka na kumshika bega. Jiji hili limejaa watu waliokomaa zamani ambao sisi wengine tumewakatalia ukubwa wao, na si wenye ulemavu peke yao. Waulize wanaume wenye wajukuu wanaoitwa “kijana” katika bustani za Kitisuru. Ila wenye hali ya Didi tunawafanyia kwa sauti tamu zaidi, tena tunawapa mabawa, ili hata wakifa tusiseme amekufa mfanyakazi mwenzetu.

Ijumaa nilikwenda hekaluni. Walikuwa wameshamchoma, kwa desturi yao, na sasa kulikuwa na maombi na chakula. Nilivua viatu, nikafungwa kitambaa kichwani, nikaketi kwenye zulia. Mwalimu mkuu alipewa nafasi ya kusema, naye alisema vizuri, kwa machozi ya kweli, na nadhani alilitamka neno lile mara nyingi kuliko mimi. Mama yake Didi, bibi mwembamba aliyevaa nyeupe, alikuwa akitazama mikono yake. Baadaye nilimfuata kumpa pole. Alinisimulia juu ya mwisho wake. Moyo wa Didi ulikuwa na kasoro tangu kuzaliwa, na miezi ya karibuni alikuwa akichoka upesi. Kila walipokwenda kliniki walikutana na daktari ambaye alimwuliza mama, “Anasikia maumivu wapi?”, na Didi amekaa palepale mbele yake. Safari ya mwisho Didi aligonga meza kwa kidole akasema, “Niulize mimi.” Daktari akatabasamu, akamwuliza mama tena.

Nilisema pole nyingine. Kisha nikasema, sijui kwa nini, pengine ili nijisikie mwepesi, kwamba nilimkosea Didi kwenye gazeti zamani, lakini namshukuru Mungu kwamba alikuwa amesahau.

Mama aliinua macho akanitazama. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

“Hakusahau,” akasema. “Kila Jumamosi mimi nanunua hiyo gazeti. Kila Jumamosi nasoma yako yote, mpaka mwisho. Yeye anauliza, ‘Mami, leo?’ Mimi nasema, ‘Bado, beta, binti yangu.’ Hata hii Jumamosi imepita ameuliza.”

Basi ndivyo ilivyokuwa. Makala zangu zote za miaka saba, zile za siasa na za misongamano ya magari, ile ya kuchekesha kuhusu paka wa jirani, zilisomwa kwa sauti katika nyumba moja ya Ngara na mwanamke mzee, kwa mtu aliyekuwa akisikiliza kwa makini kuliko yeyote kati yenu, akingojea mistari mitatu. Kuniuliza mimi ndiko alikokuwa ameacha, maana alikwisha kuniona nilivyo.

Sikuweza kurudi kwenye zulia. Nikaingia jikoni, ambako watu walikuwa wamezunguka meza ndefu wakisukuma chapati za wageni, nikaomba kazi, kwa sababu pale hakuna anayekatazwa. Nikapewa donge. Lilinigandia vidoleni, likachanika, nikaliminya tena mbele za watu. Mwanamke mmoja alikuja akasimama kando yangu. Sikumtambua mara moja kwa kile kitambaa kichwani. Ni yule msichana aliyekuwa akiuma, sasa mtu mzima, aliyeomba ruhusa kazini kwake kuja. Hakunisalimu. Aliweka mikono yake kwenye donge langu, akaanza kukanda, akangoja. Nilichelewa kuelewa. Halafu nikaweka yangu juu ya yake, mimi na umri wangu, na unga ukaanza kulainika. Ni mtu wa maneno machache mno, katika miaka yote nimemsikia mara mbili au tatu. Siku ile alisema bila kuniangalia, “Mwalimu alisema chini.”

Hakuna kamati iliyomwambia amwite hivyo.

Somo nililorudi nalo si geni, na sijivuni kwamba nimelipata kwa bei ya mtu mwingine. Mtu akikwambia umemkosea, msahihishie angali anauliza. Usimngojee asahau, kwa sababu aliyekosewa hasahau, na kunyamaza kwake usikuhesabu kuwa ni msamaha. Mhariri safari hii sikumtajia; akitaka kuikata sehemu inayofuata, aikate na safu nzima.

Masahihisho. Miaka saba iliyopita, katika safu hii, mwandishi alisema kwamba mhusika wa makala yake alikuwa mtoto anayecheza na unga. Si kweli. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na saba, na alikuwa kazini. Alikuwa mwalimu. Kosa ni la mwandishi peke yake, ambaye aliambiwa na mhusika mwenyewe akacheka.

Gazeti hili litafika Ngara leo asubuhi kama kawaida. Mama atalifungua ukurasa huu, na Jumamosi hii hatakuwa na haja ya kusema bado. Lakini hakuna atakayemwuliza.